Bibi Yako Aliacha Deni kwa Nani?

Barua mbili za safari hii zimetoka miji tofauti, lakini zote zinaelekea mahali pamoja: Pangani, kwenye mlango wa mto, mkoani Tanga. Mimi ni mzaliwa wa hapo, kwa hiyo nitajibu kama mwalimu na pia kama mtoto wa mji. Naanza na ile fupi.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Bibi yangu aliacha minazi arobaini Pangani. Tangu afariki mwaka 1996 hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda. Sasa nasikia kuna mtu anaangua nazi kila msimu na kuuza. Nikienda nifike na mwanasheria, au nianzie polisi? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Usianzie kwa wote wawili. Kwetu pwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Inawezekana bibi alikuwa na minazi kwenye kiwanja cha mwingine, na inawezekana alikuwa na vyote. Hilo wanalijua majirani wa shamba, wala halimo kwenye karatasi yoyote uliyonayo Dar es Salaam.

Kisheria pia umechelewa. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12 mahakamani, nawe unahesabu tangu 1996. Na hata kama kuna mlango uliobaki wazi, wewe peke yako huna mamlaka juu ya mali ya marehemu mpaka ukoo ukae kikao, na Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi.

Lakini haya si makubwa. Mnazi usiopaliliwa humezwa na kichaka. Kama minazi hiyo bado inazaa, basi kuna mtu aliyeipalilia miaka yote ambayo ninyi hamkwenda. Huenda huyo unayetaka kumpelekea polisi ndiye aliyemuuguza bibi yako, akamwosha na kumzika. Nenda ukamuulize hilo kwanza, na usiende mikono mitupu.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 51, ni muuguzi hapa Mwanza, mjane, mama wa watoto watatu. Nilizaliwa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Babu mzaa baba alikuwa Muha wa Kasulu, alikuja Tanga na manamba, vibarua wa mkataba, miaka ya hamsini kukata mkonge. Akamwoa bibi, mwenyeji wa Bweni, asirudi kwao tena. Baba alizaliwa kambini, akafanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, mpaka kazi zilipokwisha. Nikiwa na miaka minane alitubeba sote akatupeleka Kasulu, kwenye nchi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona. Bibi alikataa kuondoka. Habari ya kifo chake tuliipata kwa barua, miezi minne baada ya maziko.

Mwaka jana baba naye alifariki. Ndani ya sanduku lake la bati nimekuta kipande cha babu, ile kadi ya kazi, kimekunjwa mara nne na kutiwa kwenye mfuko wa nailoni. Kina vyumba 30 vya siku. Vyumba 23 vimetiwa alama, saba viko wazi. Ila jina lililoandikwa si jina la babu ninalolijua mimi.

Nataka kwenda. Nakumbuka ukili wa bibi wa kusukia mikeka ukining'inia mlangoni, harufu kali ya maji ya korona, na jinsi alivyonibana mkono tulipokuwa tukipanda pantoni. Basi, hayo tu. Sijui niulizie kwa jina lipi, sijui kaburi liko wapi, tena mimi ni Mkristo na yeye alikuwa Mwislamu. Ndugu zangu wanasema, unakwenda kutafuta nini, kule hakuna kitu. Nishauri. — Mjukuu wa Manamba, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa baba. Barua yako nimeirudia mara tatu. Bibi yako alipokuwa akikushika mkono kule Bweni, mimi nilishaondoka upande huu wa pili, lakini mto ni uleule na pantoni ni ileile. Utotoni, upepo wa kusi ukivuma, ile harufu ya korona unayoikumbuka tulikuwa tukiipata na sisi. Na siku za mshahara Waha walivuka kuja sokoni kwetu. Tulijua wamefika kwa kusikia salamu yao "Mwakeye! Mwakeye!" kabla hatujawaona. Kwa hiyo sikujibu kama mtu wa mbali.

Ngoja nikusimulie nilivyokosea mimi, ili wewe usikosee hivyo.

Niliondoka Pangani mwaka 1971 kwenda chuo cha ualimu. Baba alikuwa mvuvi, mama akipika mikate ya kumimina na kuiuza jioni barazani. Baba alipofariki nilimchukua mama akaishi nami Dodoma, na huko ndiko alikofia mwaka 1998. Nilirudi Pangani mwaka 2003, baada ya miaka mingi ya kusema mwakani, mwakani. Nikashuka kwenye basi na mkoba wangu, nikaenda moja kwa moja kwenye nyumba. Nilisimama uani nikiangalia mahali lilipokuwa jiko la mama. Akatoka kijana, mpole tu, akaniuliza, "Mama, mmekuja kupima?" Alidhani ni watu wa viwanja. Nikamwambia hapana, nilizaliwa humu. Uso wake ukabadilika. Akaniambia nyumba ile baba yake aliinunua kihalali na hati anayo. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Usiku ule nililala gesti nikiwa na hasira na watu ambao hawakunikosea chochote. Leo namwelewa yule kijana. Mtu anayerudi baada ya miaka thelathini, kwa kawaida huja kudai. Wenyeji wameshaona wengi: wanaodai kiwanja, wanaodai minazi, wanaodai nyumba aliyouza mjomba bila kuwaambia. Ukisimama mbele ya nyumba na kuitazama, umeshadai hata kabla ya kufungua mdomo.

Asubuhi nikaenda sokoni, maana sikuwa na pengine pa kwenda. Bibi mmoja alikuwa akiuza ndimu na pilipili. Nikamuuliza kama anamkumbuka muuza mikate ya kumimina wa zamani, mwenye baraza karibu na msikiti. Akaniuliza, "Wewe nani wake?" Nikasema mwanawe. Akanyamaza, akapanga ndimu zake upya, halafu akasema, "Basi mimi nina deni lenu."

Mwezi mzima wa Ramadhani mmoja, mumewe akiwa safarini na jahazi, alichukua mikate kwa mama kila jioni kwa mkopo. Shilingi kumi na mbili. Mumewe aliporudi, mama alikuwa ameshahama. Deni hilo alikuwa nalo kifuani miaka yote, anazeeka nalo. Akatoa shilingi 5,000 kwenye pindo la khanga. Nikakataa, nikamwambia nimekusamehe mama yangu. Mzee aliyekuwa akiuza mihogo pembeni akanikatiza: "Hilo si lako kusamehe peke yako. Deni la marehemu ni la warithi wote. Ndugu zako wamekutuma?" Alisema kweli. Nikapokea. Tulikuwa wanne, nikagawa 1,250 kwa kila mmoja, nyingine nikazituma kwa basi. Dada yangu mkubwa alizililia zile elfu moja mia mbili na hamsini kuliko alivyolia siku ya msiba.

Toka saa ile mji ulifunguka. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshakalishwa kwenye majamvi matatu. Nilielezwa nani alimshika mama mkono siku nilipozaliwa, na kwa nini baba alimwita kaka yangu kwa jina la nahodha. Sikuwa na habari ya yote hayo. Hata yule kijana wa nyumba alikuja mwenyewe jioni kunichukua nikaone ndani.

Ndiyo maana ushauri wangu kwako ni mmoja, mengine ni nyongeza. Ukifika Bweni, usiulize nyumba ya bibi ilikuwa wapi, na usiulize aliacha nini. Uliza kama aliacha deni. Sema, "Mimi ni mjukuu wa fulani, nimetoka Mwanza, nimekuja kuuliza kama bibi yangu alifariki akiwa na deni la mtu." Ulimaanishe, na uwe na pesa za kulipa. Katika Uislamu deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, kila mzee pale analijua hilo, na atakayekusikia atajua umekuja kwa adabu ya bibi yako. Huenda deni lisiwepo. Lakini ili wakujibu kuwa halipo, itabidi wakae chini wamkumbuke: alikuwa akinunua kwa nani, akimsukia nani mikeka, nani alimletea maji alipougua. Ndicho unachokifuata, hata kama ndugu zako wanakiita "hakuna kitu".

Sasa jina. Usihangaike na lile la kwenye kipande. Neno manamba lenyewe limetokana na namba. Mtu aliandikwa kwa namba yake, na jina karani aliliandika kama alivyolisikia. Karani wa pwani akisikia jina la Kiha, unaweza kufikiri mwenyewe kilichoingia karatasini. Wengine, nilisikia wakisema, walijiandikisha kwa jina la kaka au la rafiki. Tena kambini watu waliitana kwa kazi na kwa kwao: Muha wa brashi, yule wa singa, yule mnyapara mfupi. Kwa hiyo uliza kwa kazi. Babu alikata mkonge. Alikatia shamba lipi, alikaa kambi ipi, alikuwa jirani na nani? Baba yako alikuwa kwenye korona, nayo ilikuwa na watu wachache wanaojuana kwa sauti, kwa sababu mashine ile ilikuwa ikiwalazimisha kupiga kelele kutwa. Kwa bibi usitumie jina la ukoo hata kidogo. Wanawake wa pwani wa rika lake walijulikana kwa watoto wao. Uliza Mama Fulani, utaje jina la baba yako. Na kama ulikuwa na jina la nyumbani, la utotoni, litaje hilo kabla ya la cheti.

Njiani, usifanye haraka. Toka Tanga mpaka Pangani ni kama kilomita 50. Utakapofika, vijana watembezi watakutaka uone Boma na nyumba za matumbawe, na watakusimulia habari za Abushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani na kunyongwa hapo Pangani Desemba 1889. Wasikilize, ni historia yako pia. Ila yako hasa iko ng'ambo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 iliyoagizwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, upande huo huo wa Bweni. Kutoka hiyo 62 yakaja mashamba ya Tanga, Korogwe, Muheza mpaka Morogoro, na kutoka mashamba hayo ukaja mkono ulioandika babu yako Kasulu. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kisha kamba za plastiki zikaangusha bei duniani, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na uzalishaji ukaporomoka mwaka hadi mwaka. Hivyo ndivyo kazi ya baba yako ilivyokwisha. Nakuambia haya kwa sababu watoto wengi wa manamba wameniambia baba zao waliona aibu ya kuachishwa, kana kwamba wao ndio walioshindwa kazi. Kama baba yako alikuwa mkimya kuhusu Bweni, huenda ilikuwa hiyo.

Vuka kwa pantoni kama bado utaikuta. Lilipoanza kujengwa daraja la mto, la barabara ya kwenda Saadani na Bagamoyo, mimi nilifurahi kwa ajili ya wagonjwa wanaovushwa usiku, na nikahuzunika kwa ajili ya kumbukumbu kama yako ya kushikwa mkono. Yote mawili ni kweli kwangu.

Ukishavuka, pita kwa mwenyekiti ujitambulishe. Ni dakika kumi, na zinazuia maneno. Kisha tafuta mwanamke mzee anayesuka. Ukili ni kazi ya kukaa pamoja. Aliyesuka na bibi yako, au ambaye mama yake alisuka naye, atakuwepo.

Kuhusu kaburi, jitayarishe. Makaburi yetu mengi hayana maandishi. Utaonyeshwa jiwe kichwani na jiwe miguuni, au utaambiwa ni hapa, kati ya mkwaju huu na ule ukuta. Mwamini anayekuonyesha. Usiende peke yako, mwombe mzee akupeleke. Jifunge khanga, funika kichwa, simama kimya umwombee kwa maneno unayoyajua. Ukristo wako haumkeri mtu pale; bibi mwenyewe aliolewa na mtu wa mbali, na Bweni imezika watu wa kila kabila waliokuja na mkonge. Kama unaweza, toa sadaka asomewe hitima. Miezi minne au miaka arobaini, hitima haipitwi na wakati. Na watakaokuja kula wali huo ndio watakaokusimulia maisha yake.

Kuna siku itakuwa ngumu, nadhani ya pili au ya tatu. Utakwenda kambini na utakuta magofu, au shamba la mtu, au kichaka. Mimi yangu ilikuwa Maziwe. Ni kisiwa kidogo baharini, kusini mashariki ya mji. Baba alitupeleka likizo, tukapumzika chini ya mivinje, akituonyesha njia za kasa mchangani. Nilipotaka kurudi huko mwaka ule wa 2003, nahodha aliniambia tusubiri maji yatoke. Tukasubiri. Maji yalipotoka, ulikuwapo mchanga mweupe mtupu. Mivinje ilianza kuanguka miaka ya sabini, ikaisha yote, na bahari ikila fungu mpaka likawa linazama kila maji yanapojaa. Kasa bado wanakuja kutaga, lakini mayai huhamishiwa bara, Ushongo, yasizame. Nilikaa pale saa mbili. Sikuweza kumwonyesha mtu yeyote mahali baba alipolala usingizi wa mchana, maana hapakuwa tena mahali. Nakuambia ili ukifika kambini na kukosa hata ukuta, usidhani umepotea njia. Kaa. Nusa hewa. Kama kuna mlingoti mmoja wa mkonge umesimama kichakani, huo ni ukoo wa ile 62.

Nimekiacha kipande mwisho kwa sababu ndicho kilichonikosesha usingizi.

Huenda hukuwahi kuambiwa kipande kilifanyaje kazi. Mtu alifanya kazi siku moja, akatiwa alama chumba kimoja. Siku aliyoumwa, au aliyoshindwa kumaliza kipimo cha majani yake, haikuhesabiwa. Mshahara wa kipande ulilipwa vyumba vyote 30 vilipojaa. Cha babu yako kina 23. Kipande kilichojaa kilirudishwa kwa karani ili mtu alipwe. Kilichobaki nyumbani ni ambacho hakikujaa.

Kwa hiyo ulichokikuta sandukuni, mwanangu, ni deni. Babu yako alikata mkonge siku 23, na kwa jinsi karatasi ilivyo, inaelekea hakulipwa. Sijui kilichompata siku ya ishirini na nne: homa, mwiba wa mkonge jichoni, ugomvi na mnyapara, au kifo chenyewe. Baba yako alijua, au aliambiwa na bibi, akakikunja mara nne, akavuka nacho nchi nzima mpaka Kasulu, akakaa nacho mpaka mwisho.

Nenda nacho. Usikibandike kwenye fremu kabla hujakwenda, na usiwaachie watoto wakipige picha halafu wewe uondoke na picha tu. Kitoe Bweni mbele ya wazee, baada ya kuwauliza deni la bibi, na uwaulize lini na kwa nini babu aliacha kukata. Waonyeshe vile vyumba saba. Kama yuko aliyekata naye shamba moja, au mtoto wa aliyekata naye, atakuambia. Na nikiwa hai ukirudi Mwanza, niandikie alichokuambia.